Usafi wa Baraza, na wa Viti na Vitanda Vikaavyo Nje

Somo kwa wakuu wa vijiji, walimu na wenye nyumba

Baraza ni uso wa nyumba. Mgeni hajaona chumba wala jiko, bali ameona baraza, na hapo ndipo aketipo, anywapo maji na kusema haja yake. Hapo wazee huamua mashauri, watoto husoma, na wakati wa joto watu hulala usiku. Basi yafaa kila mwenye nyumba ajue jinsi ya kuisafisha baraza yake na vyombo vyake, na kuisafisha bila ya kujidhuru. Maana wako watu wengi wafagiao kila siku, na hata hivyo nyumba zao hazikosi wadudu. Na wako wengine walioumia kwa dawa ile ile waliyoinunua ili wapate usafi.

1. Kwa nini tusafishe

Wengine hudhani ya kuwa usafi wa baraza ni pambo tu. Sivyo. Tazameni mambo manne.

La kwanza ni papasi. Mdudu huyu hukaa mchana katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, akamnyonya mtu aliyelala kwa muda mfupi tu, kisha akarudi katika ufa wake. Aweza kukaa miaka bila kula, asife. Huyu ndiye aletaye homa ya papasi, ambayo humshika mtu siku chache, ikamwacha, kisha ikamrudia. Mganga Joseph Everett Dutton, aliyekuwa akichungua habari za papasi katika nchi ya Kongo, alishikwa na homa hiyo mwenyewe, akafa huko Kasongo mwaka wa 1905.

La pili ni funza. Yeye si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini, akaingia Angola kwa meli mwaka wa 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha fika pwani ya Afrika ya Mashariki. Funza jike huingia katika ngozi ya mguu, na mayai yake huanguka chini katika vumbi kavu, yakakua humo mpaka wakatoka funza wapya baada ya majuma matatu hivi. Kwa hiyo mwenye kutoa funza miguuni mwa watoto wake na kuliacha vumbi la barazani, huyo atatoa funza kila mwezi.

La tatu ni mbu. Maji kidogo yaliyobaki katika kopo, au katika kiti kilichobonyea, yatosha kuzaa mbu wa mchana, waletao homa ya dengi kama ile iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka wa 2014, na tena mwaka wa 2019. Yai hugeuka mbu kwa muda wa siku 7 hadi 10.

La nne ni utelezi wa kijani uotao juu ya saruji wakati wa masika. Mzee akiteleza akavunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani.

2. Utaratibu wa kazi

Kazi yenye utaratibu haichoshi. Fuateni mpango huu.

(a) Chagueni asubuhi ya siku ya jua, ili vitu vipate kukauka kabla ya usiku.
(b) Toeni vyote barazani: viti, mabao, mikeka, mitungi na viatu. Anayefagia kati ya miguu ya viti husogeza uchafu tu, hauondoi.
(c) Anzeni juu, mwishieni chini. Ondoeni kwanza buibui na vumbi la kuta na nguzo, kisha ndipo msafishe sakafu.
(d) Fagieni kabla ya kutia maji mengi, kwa maana vumbi jingi likilowa hugeuka tope. Lakini nyunyizeni maji kidogo kwa mkono kwanza, ili vumbi lisiruke likaingia mapafuni na katika chakula.
(e) Takataka zisitupwe mlangoni pa jirani. Chimbeni shimo mbali na kisima, mzifukie.

3. Sakafu ya udongo

Hapa kazi kubwa si kufagia bali kuziba. Wazee walisema, «Usipoziba ufa utajenga ukuta», nasi katika habari hii twaweza kuongeza ya kwamba asiyeziba ufa atafuga papasi.

Twaeni udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu, mponde, mchekeche, mchanganye na maji hata uwe mzito kama ugali mwepesi. Kwanueni kila ufa kwa kijiti mpaka mwone mwisho wake, toeni vumbi lake, lowesheni kidogo, kisha shindilieni udongo ndani. Msipake juu juu tu, maana udongo uliopakwa juu ya vumbi hubanduka siku ya tatu. Baada ya kuziba, sirībeni sakafu yote kwa mkono, mwache ikauke polepole. Ikikauka upesi kwa jua kali hupasuka tena.

Pale palipo na funza, nyunyizeni maji kila siku kabla ya kufagia, wala msiwaache nguruwe, mbwa na mbuzi walale barazani, kwa sababu funza huingia hata katika miguu ya wanyama. Mwenye uwezo na aweke saruji. Hiyo ndiyo dawa ya kudumu, kwa funza na kwa papasi pia.

4. Sakafu ya saruji, na baraza ya mawe na chokaa

Sakafu ya saruji husafishwa kwa maji, sabuni na burashi ngumu. Asiye na burashi na atumie kumbi la nazi au ufagio mfupi wa vijiti. Penye mafuta, nyunyizeni majivu makavu, mngoje nusu saa yanyonye, kisha mfagie. Halafu sugueni kwa maji ya magadi. Magadi na majivu hukata mafuta, lakini pia hula ngozi ya mikono. Basi oshani mikono vizuri baadaye.

Penye utelezi wa kijani, kwangueni kwanza kwa ubao au jembe butu. Kisha sugueni kwa mchanga na maji. Hiyo yatosha mara nyingi. Tena tazameni sababu yake: mara nyingi ni maji ya paa yadondokayo mahali pamoja, au kivuli cha mti kizuiacho jua. Mkiyageuza maji njia yake na kupunguza matawi, utelezi hautarudi upesi.

Msitumie ndimu, siki wala maji ya betri juu ya saruji au chokaa. Vitu hivyo vikali hula saruji, vikaacha vishimo vidogo, na uchafu hukaa ndani yake kuliko mwanzo. Wenye baraza za kale za mawe na chokaa, kama zile za Unguja, Mombasa na Lamu, wajihadhari zaidi: maji kidogo, burashi laini, na ufa uzibwe kwa chokaa, si kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko chokaa, tena huzuia unyevu usitoke ukutani, na mwisho ukuta hubanduka.

5. Viti na mabao ya mti

Mti hauharibiwi na matumizi kama uharibiwavyo na maji yakaayo. Futeni vumbi kwa kitambaa kikavu. Kisha osheni kwa kitambaa kilichokamuliwa, chenye maji ya sabuni. Kisha futeni tena kwa maji safi. Sugueni kwa kufuata nyuzi za mti, wala si kuzikata. Kaushani kivulini penye upepo, kwa kuwa mti uliolowa ukianikwa katika jua kali hupinda na kupasuka.

Miguu ya viti ndiyo iozayo kwanza. Wekeni kila mguu juu ya jiwe bapa au kipande cha kigae, usigusane na ardhi yenye maji. Hivyo hata mchwa ataonekana kabla hajaingia.

Mbao iliyokwaruzika yaweza kulainishwa kwa majani ya msasa, kama walivyofanya mafundi wa zamani, au kwa karatasi ya msasa wa dukani. Lakini kama kiti kina rangi ya zamani, msiisugue ikiwa kavu. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na risasi, na vumbi lake likiingia kinywani mwa mtoto hudhuru damu na akili. Lowesheni kwanza, watoto wawe mbali, na uchafu wake ufukiwe.

Mwenye kupaka mafuta ya kitani ili mti ung'ae, asivirundike vitambaa vyake baada ya kazi. Vitambaa hivyo vikirundikwa hupata moto vyenyewe, vikawaka. Vitandazeni nje mpaka vikauke, au vitieni katika maji.

6. Viti vya henzirani, mikeka na vitanda vya kamba

Viti vya henzirani na mikeka ya ukili havitaki maji mengi. Pigeni vumbi, futeni kwa maji ya chumvi kidogo, anikeni upande hata upande.

Kitanda cha kamba chataka kazi zaidi, maana ndimo mlimo kunguni. Mdudu huyu hakai wazi. Hujificha katika vifundo vya kamba na mahali mifumbati iingiapo katika matendegu. Kuanika juani peke yake hakutoshi, kwa sababu kunguni hukimbilia upande wa kivuli. Fanyeni hivi: kitoeni kitanda nje, mkigonge ili wadudu waanguke, kisha mimineni maji yanayotokota polepole katika kila kiungo na kila fundo. Maji ya moto huua mdudu na mayai pia. Rudieni baada ya siku 7, na tena baada ya siku 7 nyingine, kwa ajili ya mayai yaliyosalia. Mwenye kufanya mara moja tu hujidanganya. Watoto wasikaribie wakati wa kumimina.

Wengine hupaka mafuta ya taa katika viungo. Desturi hii ni ya hatari, kwa kuwa cheche moja ya kiko au jiko yatosha kuunguza kitanda na aliyelala juu yake.

7. Viti vya chuma

Kutu ni ugonjwa wa chuma kilicholowa. Kwangueni kutu kwa burashi ya waya au msasa mpaka chuma kionekane, futeni vumbi, kaushani kabisa, kisha pakeni rangi ya kuzuia kutu. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuficha jeraha bila kuliosha. Tena geuzeni viti juu chini wakati wa mvua, maji yasitulie.

8. Hadhari juu ya dawa

Sasa twafika katika jambo kubwa kuliko yote. Dawa ya klorini, ile ing'arishayo nguo nyeupe, huua ukungu na utelezi. Kikombe kimoja katika vikombe kumi vya maji chatosha. Iacheni dakika kumi, kisha suuzeni kwa maji mengi. Lakini shikeni amri hizi.

Msichanganye dawa hiyo na siki, wala ndimu, wala dawa ya chooni yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, ambayo ndiyo iliyotumiwa kuwa silaha ya vita karibu na Ypres katika nchi ya Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Kadhalika msiichanganye na dawa yenye amonia, wala msiimwage juu ya mkojo wa mbuzi au wa popo kabla ya kuuosha kwa maji, maana hapo pia hutoka hewa mbaya. Mtu akianza kukohoa na macho kumwasha, na aache kila kitu, atoke penye upepo.

Chokaa isiyozimwa huchemka ikikutana na maji. Tieni chokaa kidogo kidogo ndani ya maji mengi, msimwage maji juu ya chokaa, wala msiiname juu ya pipa. Ikiingia jichoni, osheni jicho kwa maji safi yanayotiririka si chini ya dakika ishirini, kisha nendeni hospitali siku ile ile.

Mwisho, msitie dawa wala mafuta ya taa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto haijui harufu, ajua chupa. Mtoto aliyekunywa asilazimishwe kutapika, kwa sababu mafuta hurudi yakaingia mapafuni, nayo klorini huunguza koo mara ya pili. Mpelekeni kwa mganga upesi, na chupa ile mwichukue pia.

9. Neno kwa wakuu na walimu

Wakuu waanze na baraza wanapoamulia mashauri, kwani watu hufuata macho kuliko masikio. Walimu waweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuhesabu nyufa za sakafu ya darasa, na kuziba kumi kila juma. Hapana gharama ndani yake ila udongo, maji na mikono.

Maswali ya somo

1. Kwa nini kuzifagia nyufa hakumwondoi papasi?
2. Funza hukua wapi kabla ya kuingia mguuni?
3. Kwa nini maji ya moto humiminwa kitandani mara tatu, wala si mara moja?
4. Taja vitu vitatu visivyochanganywa na dawa ya klorini.
5. Je, katika nyumba yako kuna chupa ya soda yenye mafuta ya taa? Ukiisha soma, nenda ukatazame.