Amana ya Watoto Wakati wa Maradhi ya Kuenea

Kijitabu cha nasaha kwa wenye vituo vya kulelea watoto mchana, walezi na wazazi

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 umekwisha kuwa janga la ulimwengu mzima, na siku ya tano baada ya hapo Tanzania nayo ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza, msafiri aliyetoka ng'ambo akapatikana na maradhi hayo Arusha. Kulipokucha, Serikali ikaamuru shule zifungwe, hata zile za awali. Amri ya namna hiyo ina hekima yake, lakini mama auzaye samaki Feri na muuguzi wa zamu hospitalini hawawezi kufunga kazi zao kama zifungwavyo shule, na watoto wao hawana budi wapate pa kushinda mchana kutwa, ama katika kituo kilichosajiliwa, ama katika chumba cha jirani mwenye huruma. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mahali hapo, pawe pakubwa au padogo, ili janga jingine lisitukute hali tumeyasahau tuliyofundishwa na lile.

Lililo la kwanza kufahamika ni kwamba mtoto wa miaka miwili hana awezalo kujikinga nalo. Hukumbatia, hulia begani mwa mlezi, hutia mdomoni kila akiokotacho kisha akampokeza mwenzake, na hayo si utovu wa adabu bali ndiyo maumbile yake, ambayo kwayo huijua dunia. Kwa hiyo kila hadhari ambayo mtu mzima huichukua kwa ajili ya nafsi yake, kituoni sharti ichukuliwe na mwingine kwa niaba ya mtoto.

Mlangoni asubuhi

Mlezi mmoja, amevaa barakoa, na akae nje ya kizingiti awapokee watoto hapo hapo, wala wazazi wasiingie ndani ila kwa dharura. Amtazame kila mtoto usoni, amsikilize pumzi, ampime joto kwa kipimajoto cha kwapani, na likifika nyuzi 37.5 mtoto asipokewe siku hiyo. Amwulize mzazi pia mtoto alilalaje, kama amekohoa au kuharisha, na kama nyumbani yuko mgonjwa. Majibu yaandikwe daftarini pamoja na nambari ya simu ipatikanayo mchana, kwa maana siku atakapotokea mgonjwa, daftari hilo ndilo litakaloonyesha ni nani alikuwa pamoja na nani.

Walakini kipimajoto huweza kudanganywa. Mama ajuaye kuwa siku asiyofika kazini haina ujira, na mtoto amekesha akichemka homa, humpa alfajiri kijiko cha paracetamol ya maji, na saa moja mtoto hufika mlangoni amepoa na kuchangamka. Ifikapo saa tano homa imekwisha kurudi, naye ameshacheza na kula pamoja na wenzake. Huo si ubaya wa moyo, ni dhiki. Sisi twaona kwamba mwenye kituo amkaripiaye mama huyo mbele ya watu huwafundisha wengine kuficha kwa ustadi zaidi, ilhali yule apunguzaye ada kwa siku za ugonjwa, kisha akauliza kwa upole, "Mama Asha, mtoto amepewa dawa yoyote leo?", ndiye aambiwaye ukweli.

Maji, sabuni na hewa

Ile desturi ya watoto wote kunawa ndani ya beseni moja kabla ya chakula na ikomeshwe kabisa, kwani mtoto wa mwisho hunawa uchafu wa wote waliomtangulia. Pasipo na bomba, kibuyu chirizi chatosha: dumu la lita tano lililotobolewa tundu dogo, likaning'inizwa kwenye mti na kufungwa kamba iendayo hadi kijiti cha kukanyagia, mlezi akanyage na mtoto anawe kwa sabuni, mikono isishike dumu. Kunawa kusipungue nukta 20, na mlezi mwenyewe anawe kila amalizapo kumbadilisha mtoto nepi au kumfuta kamasi, hata kama amefanya hivyo mara kumi kabla ya adhuhuri.

Meza, vitasa na vitu vya kuchezea vioshwe kwanza kwa sabuni, kisha vipakwe dawa ya klorini. Ile ya chupa ambayo karatasi yake yasema asilimia 3.5, kipimo chake kimoja huchanganywa na vipimo 34 vya maji safi, ikaachwa juu ya kitu kwa dakika moja au zaidi. Na kitu ambacho mtoto hukitia kinywani kisuuzwe tena kwa maji matupu. Dawa hii ichanganywe upya kila siku, isitiwe pamoja na dawa nyingine ya kusafishia, wala isihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, maana mtoto mwenye kiu hasomi karatasi ya chupa.

Hewa nayo ina haki yake. Baada ya chakula cha mchana walezi wengi hufunga madirisha wakichelea mbu na upepo, na watoto wakalala wamebanana katika chumba kizito. Afadhali madirisha ya pande zote mbili yabaki wazi, watoto walale ndani ya vyandarua, kila mmoja na mkeka wake, kichwa cha huyu kikielekea miguu ya yule. Na maadamu kiko kivuli cha mwembe uani, michezo na hadithi zihamie huko.

Barakoa ni ya mlezi. Mtoto asiyetimiza miaka miwili asivalishwe kabisa, kwani huweza kumziba pumzi, na walio na miaka mitano au chini yake wasilazimishwe.

Mtoto akiugua mchana

Atengwe na wenzake, lakini asitengwe na watu: akae penye hewa pamoja na mlezi mmoja aliyevaa barakoa, hata mzazi afike. Wala isidhaniwe kuwa kila homa ni ya janga, kwa kuwa malaria haikuondoka nchini kwa sababu ya UVIKO, na mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa. Asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, aliyelegea asiamke, au ambaye kifua chake chabonyea ndani kila avutapo pumzi, huyo asingojee mzazi. Akimbizwe hospitali mara moja. Hofu ya janga isiwazuie wazazi pia kwenda kliniki, kwa maana surua haingoji, na chanjo yake ya miezi 9 na ya miezi 18 ina miadi yake.

Neno kwa mwenye kituo

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka kituo kisajiliwe, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya aombwe ushauri mapema, asionekane kuwa mtu wa kuogopwa. Lakini lililo zito kuliko yote ni la mlezi mwenyewe. Huyu ndiye abebaye kila mtoto, na yeye akiugua huwafikia wote kwa siku moja. Naye, sawasawa na yule mama wa paracetamol, huja kazini akikohoa kwa sababu kutokuja ni kulala njaa. Hakuna ndoo wala dawa iwezayo kuziba ufa huo. Wenye vituo na wazazi na wakutane kabla maradhi hayajafika, wachange kidogo kila mwezi kwa ajili hiyo, ili mlezi anayeumwa abaki kwake na ujira wake aupate.