Pikapu ya kooperativi: inaishi kwa kalamu, siyo kwa jina lake



Katika mikutano yetu ya Mubambiro, Sake na vijiji vya juu milimani, swali moja linarudi kila mara: "Na sisi tununue gari?" Linaulizwa hasa wakati wa mavuno, pale viazi vinapolala kando ya barabara vikingoja mwenye lori, naye anakuja na bei anayotaka. Ni swali la haki. Pesa ya kununua gari ni michango ya wanachama, wengine wameweka mia tano-mia tano kwa miaka. Ikipotea, hairudi haraka.

Kwa hiyo katika somo hili tumekusanya mambo ambayo wenye pikapu, mashoferi na mafundi wa garaji wametueleza, tukaweka na hesabu ndogo. Neno moja la shoferi mzee wa barabara ya Masisi limetusaidia kuliko mengine: "Gari haikufaka. Kisanduku njo kilikufaka, gari ikafuata." Ndiyo somo letu lote. Tuone sasa linavyokuwa.

1. Ni gari gani linavumilia huku kwetu?

Ukiuliza kumi, wengi watakutajia Toyota Hilux au Toyota Land Cruiser. Hilux imetengenezwa tangu mwaka 1968, na Land Cruiser ya aina ya 70 tangu 1984. Sababu ya kupendwa kwao si jina tu. Nyuma yamekaa juu ya resori za chuma zilizopangwa kama majani, na vipuri vyake, vipya na vya mtumba, vinapatikana Goma bila kuagiza mbali. Fundi wa kijijini naye anazijua moteri zake.

Hapa wenye magari wanatofautisha moteri mbili. Moteri ya zamani ya mazutu, kama ile 1HZ ya Land Cruiser (silinda 6, lita 4.2, bila turbo), ina pompi ya kawaida ya chuma. Haina mbio, inakunywa mazutu mengi, lakini inasamehe. Moteri mpya zinasukuma mazutu kwa nguvu kubwa sana kupitia enjekteri za tundu dogo sana. Zina nguvu zaidi na zinakunywa kidogo, lakini maji au uchafu kidogo ndani ya mazutu unaziharibu, na enjekteri ni ghali. Kama mazutu yenu mnanunua kwa Kadhafi wa kando ya barabara, kwenye vidumu, fikirieni hilo kabla ya kuchagua.

Jambo jingine ni usukani. Kongo tunapita upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi ya mtumba yanayotoka Japani yana usukani wa kulia pia. Shoferi haoni vizuri anapotaka kupita lori lililo mbele. Bei yake inaweza kuvutia, ila hatari hiyo iingie kwenye mazungumzo.

2. Mambo manne yanayoua pikapu zetu

Mzigo kupita kiasi. Pikapu za namna hii zimetengenezwa kubeba tani moja hivi, yaani gunia 10 za viazi za kilo 100. Sisi tunaona zikishuka na gunia 18, na abiria juu. Gari linafika, ni kweli. Lakini resori zinalala, beringi za nyuma zinaisha, mipira inapasuka, na kwenye mteremko freni zinapata moto mpaka hazishiki.

Mlima. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari. Mashamba mengi ya Masisi yako juu ya mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwenye mita 2,000 imepoteza karibu sehemu moja ya tano. Ndiyo maana gari lililovuta vizuri Goma linatoa moshi mweusi likipanda. Usilikasirikie, punguza mzigo. Na wakati wa kushuka, fuata sheria ya wazee wa barabara: vitesi uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Acha moteri ishike gari. Freni ni za kusaidia tu.

Mawe ya volkano. Lava ya Nyamulagira ya miaka 1938–1940 ilifika mpaka ziwani, kwenye ghuba ya Sake, na mawe yake bado yako nasi. Ni makali kama kisu, yanakata mpira kwa ubavu, mahali ambapo kiraka hakishiki. Mpira usio na upepo wa kutosha unakatika upesi zaidi. Kipimo cha upepo kiwe ndani ya gari kila siku.

Maji na vumbi. Wakati wa mvua, maji yanaingia kwenye beringi na kwenye mazutu. Mwezi wa 6 mpaka wa 8, vumbi linaziba filta ya hewa. Fungua filta kila wiki na kuikung'uta. Mimina maji ya chini ya filta ya mazutu kila wiki, na kila mara baada ya kununua mazutu usiyoyaamini. Kazi hii ni ya dakika kumi, na fundi hahitajiki.

3. Hesabu isiyoonekana

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kujifunzia tu. Kwenye mkutano wenu wekeni zenu.

Pikapu inapanda milimani, inashusha viazi mpaka Goma, inarudi Mubambiro: kilomita 120 zote pamoja. Inabeba gunia 10. Kooperativi inalipisha dola 6 kwa gunia, inapata dola 60.

Pesa inayotoka siku ileile:
– mazutu, lita 18 kwa dola 1.50: dola 27
– shoferi na konvoyeri: dola 15
– bariere na mahali pa kusimama: dola 10
Jumla: dola 52.

Dola 8 zinabaki, na watu wanapiga makofi. Lakini ngoja. Tuseme gari linafanya kilomita 15,000 kwa mwaka, yaani safari 125. Kila safari inakula pia vitu ambavyo hakuna anayevilipa siku ile:
– mipira: dola 600 kwa minne, inaisha baada ya kilomita 20,000: dola 3.60
– mafuta ya moteri na filta: dola 80 kila kilomita 5,000: kama dola 2
– resori, freni, beringi na fundi: dola 900 kwa mwaka: dola 7.20
– asuransi na karatasi: dola 450 kwa mwaka: dola 3.60
– gari lenyewe: tulilinunua dola 15,000, baada ya miaka 5 tutaliuza dola 5,000, dola 10,000 zimeisha kwa safari 625: dola 16
Jumla: kama dola 32.

Safari ile imegharimu dola 84, siyo 52. Kumbe tumepata hasara ya dola 24. Zidisha kwa safari 125, ni dola 3,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni dola 15,000, bei ileile tuliyonunulia gari. Hakuna aliyeiba. Tumeila sisi wenyewe, kidogo kidogo, tukifikiri ni faida.

Hapo ndipo mtu anasema: "Basi tupakie gunia 18!" Kwa dola 6 ni dola 108, na kwenye karatasi tumepona. Lakini zile namba za resori, mipira na freni hazibaki pale tena, na siku freni zinakataa kwenye mteremko hakuna daftari litakaloandika hasara hiyo. Kuna njia tatu nyingine:

Njia ya kwanza ni bei ya kweli pamoja na mzigo wa kupanda. Gari lisipande tupu. Likibeba chumvi, mbegu, majembe au bidhaa za maduka kwa dola 12, na gunia likalipiwa dola 7.20, zinatimia dola 84 kamili.

Njia ya pili ni kukodi. Kama mwenye lori anachukua gunia kwa chini ya dola 7.20, na anafika siku mliyopatana, mkodi yeye. Kukodi si aibu. Pesa yenu inaweza kujenga depo ya viazi, na depo inawapa nguvu ya kungoja bei.

Njia ya tatu ni kugawa kazi. Kutoka shambani mpaka barabarani, chukudu inatosha: inatengenezwa na seremala, haikunywi kitu, na Goma imeijengea sanamu. Pikapu isiingie shambani kutafuta gunia mbili kwenye tope. Mzigo ungoje barabarani, gari lipakie mara moja na kuondoka.

Tuongeze jambo ambalo kila mtu wa hapa analijua. Kuna siku barabara inafungwa. Gari linasimama, lakini asuransi na mshahara wa shoferi havisimami. Na wakati watu wanahama, gari ni kati ya mali za kwanza kupotea. Basi mtaji wote wa kooperativi usikae juu ya magurudumu manne. Na nakala za karatasi za gari ziwekwe mahali pawili.

4. Daftari la gari

Daftari moja la shule linatosha. Chora safu hizi: tarehe, kilomita za kuondoka, kilomita za kurudi, lita za mazutu, mzigo, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, tatizo lililoonekana. Shoferi anaandika, mtunza pesa anatia sahihi jioni ileile.

Kujua gari linakunywa kiasi gani, jaza tanki mpaka juu na uandike kilomita. Siku utakapojaza tena mpaka juu, gawanya lita ulizoongeza kwa kilomita ulizotembea, kisha zidisha kwa 100. Mfano: lita 36 kwa kilomita 240 ni lita 15 kwa kilomita 100. Mwezi ujao ikipanda mpaka 19 na barabara ni ileile, kuna jambo: filta imeziba, mahali panavuja, mzigo umezidi, au mazutu yanashuka njiani kuingia kwenye vidumu vya watu. Daftari halimshitaki mtu, linatuambia tu pa kuangalia.

Pamoja na daftari, kuna kisanduku cha gari. Kila jioni, zile dola 32 za mfano wetu zinaingia humo kabla ya kitu kingine, na kisanduku hiki kisichanganywe na pesa ya kununulia mavuno. Kisichanganywe pia na akiba ya jumla ambayo sheria ya OHADA juu ya kooperativi, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inatuagiza kuitoa kwenye faida ya mwaka. Akiba ile ni ya kooperativi nzima. Kisanduku ni cha gari tu.

5. Gari la wote, funguo za nani?

Mama mmoja, mwanachama wa kikundi cha maharagi, alituambia: "Gari ya wote ni gari ya prezida." Watu walicheka, halafu wakanyamaza. Gari likienda kwenye harusi, kwenye matanga, kumsindikiza mkubwa, bila mtu kulipa, kilomita zile zinalipwa na viazi vya wengine.

Tunapendekeza sheria tatu, zipitishwe na mkutano mkuu na kubandikwa ukutani. Kwanza, kila safari inalipwa, hata ya prezida. Pili, shoferi ana haki ya kukataa gunia la 11, na hakuna anayeweza kumfukuza kwa sababu hiyo. Tatu, mgonjwa au mama mwenye uchungu wa kuzaa anapelekwa saa yoyote, bila kuombwa franga mlangoni. Safari hiyo inalipwa na kisanduku cha msaada, na inaandikwa kwenye daftari kama nyingine. Huruma ikiandikwa haipungui, na gari litakuwepo kwa mgonjwa wa kesho.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

1. Mwaka uliopita tulisafirisha gunia ngapi, na tulilipa bei gani kwa gunia? 
2. Kwa mzigo huo, pikapu yetu ingepata safari ngapi kwa mwaka? Kama hazifiki hata 60, gharama ya kila safari ingepanda mpaka wapi?
3. Ni mzigo gani unaoweza kupanda milimani ili gari lisirudi tupu?
4. Nani atashika funguo, nani daftari, nani kisanduku? Wawe watu watatu, siyo mmoja.
5. Gari likisimama miezi mitatu, kooperativi itaendelea kuishi?

Kikundi kikijibu maswali haya matano kwa namba, kitakuwa kimeshajua kama kinunue, kikodi au kingoje. Fanyeni hesabu pamoja, na wale wasiojua kusoma wasomewe kwa sauti, maana michango ni yao pia. Mavuno mema, na barabara njema.