WARANTI YA MAISHA: MAISHA YA NANI?

Waranti ni ahadi ya maandishi. Mwenye kiwanda anaahidi kwamba kitu alichokuuzia kikiharibika kwa kosa la kiwanda, atakitengeneza bila malipo. Kwa gari, ahadi hiyo huwa ya miaka michache tu. Leo tutasoma juu ya moja iliyopita kiasi hicho.

Julai 2007, kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitangaza waranti ya maisha kwa magari yake mengi mapya. Ilihusu injini, giaboksi na vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu. Matairi, breki na betri hazimo.

Sasa tuulize: maisha ya nani? Si ya gari. Ahadi inadumu maadamu mnunuzi wa kwanza bado ndiye mwenye gari. Akiliuza, basi, aliyenunua hapati kitu, hata muuzaji aape namna gani.

Liko sharti la pili, nalo ndilo limewaponza watu. Kila baada ya miaka 5, gari lipelekwe kwa wakala wa kampuni likaguliwe, katika siku 60 za tarehe ambayo waranti ilianza. Tuchukue mfano. Waranti ilianza 10 Machi 2008. Ukaguzi wa kwanza ni 10 Machi 2013, halafu 2018, halafu 2023. Mtu akichelewa mwaka 2013 mpaka siku 60 zikaisha tarehe 9 Mei, ahadi imekufa. Injini nzima, gari linakwenda, lakini waranti hana tena! Na hatajua mpaka siku ya shida.

Shida yenyewe huja gari likiwa limezeeka. Hapo kutengeneza giaboksi kunaweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Mwenye gari atatafuta karatasi yake, na kampuni itatafuta tarehe.

Je, oili nayo ibadilishwe kwa wakala tu? Hapana. Sheria ya Marekani ya 1975 haimruhusu mwenye kiwanda kukulazimisha kulipia gereji yake ili waranti isimame. Fundi yeyote anaweza, hata wewe mwenyewe. Ila tunza risiti zote, zenye tarehe na kilometa (kule wao huandika maili). Injini ikifa kwa kukosa oili, hilo si kosa la kiwanda, na bila risiti utabishana kwa mdomo mtupu.

Mwaka 2009 Chrysler ilifilisika, na waranti hiyo ikaacha kutolewa kwa magari mapya. Kampuni mpya iliyoshika biashara ilikubali kubeba ahadi za zamani. Kwa hiyo wenye magari hayo bado wanahesabu miaka.

MASWALI
1. Asha alinunua gari hilo jipya, akamwuzia Juma. Nani ana waranti?
2. Katika mfano wetu, ukaguzi wa nne ni mwaka gani? Siku 60 baada yake zinaishia tarehe ngapi?
3. Taja karatasi mbili ambazo mwenye gari lazima azitunze.