Mpiga Muziki wa Levolosi

Katika mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru, iko kata iitwayo Levolosi. Humo alikaa mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kupiga muziki katika arusi. Alifanya kazi hiyo miaka mingi, hata masikio yake yakapungua nguvu: sauti nene alizisikia vema, lakini zilizo nyembamba, kama za njuga na filimbi, zilimpotea. Basi akamchukua mwana wa dada yake amfundishe.

Kwanza alimwonyesha CD, sahani nyembamba yenye upana wa sentimeta 12. Santuri za zamani, kama zile alizoimbia Siti binti Saad wa Unguja huko Bombay mwaka 1928, zilisomwa kwa sindano iliyopita katika mifuo yake. CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, husomwa kwa nuru ya leza, wala hapana kitu kiugusacho uso wake. Lakini uchafu wa vidole huizuia nuru ile, na wimbo hurukaruka. Kwa hiyo CD hushikwa ukingoni.

Kisha wakaitazama mitambo. Mashine za CD ni mbili, moja kushoto na moja kulia, na kati yao iko miksa, yaani mashine ichanganyayo sauti. Kila wimbo huingia katika miksa kwa njia yake. Juu ya njia hiyo viko virungu vya kuzungushwa: kimoja cha kupima nguvu ya sauti iingiayo, na vitatu vya sauti nyembamba, ya kati na nene. Chini yake kiko kitelezi kipandacho na kushuka, nacho ndicho mlango wa wimbo kwenda kwa watu. Chini kabisa kiko kitelezi kilalacho; kikisukumwa kushoto husikika mashine ya kushoto, kikisukumwa kulia husikika ya kulia, na kikikaa katikati husikika zote mbili. Taa ndogo za kijani huonyesha kuwa sauti ni njema. Ikiwaka nyekundu, sauti imezidi, nayo itakwaruza.

Kijana alidhani amekwisha kujua yote. Siku ya arusi, mjomba wake alipokwenda kula, akaufungulia wimbo wa pili mlango bila kuusikiliza kwanza. Nyimbo zikagongana kama michi ya watwangao wasiopatana. Bibi yake bwana arusi, aliyekuwa akicheza katikati ya ukumbi, akasimama mikono juu, asijue afuate upi.

Mzee akarudi, wala hakumkaripia. Akamvika visikilizio, akaliacha sikio moja wazi.

"Mjomba, mbona sikio moja tu?"

"Hili ni la wimbo ujao, mwanangu, na lile ni la watu."

Akabonyeza kitufe, na wimbo mpya ukasikika kwa kijana peke yake. Akamwamuru ahesabu mapigo ya dakika moja. Wimbo wa ukumbini ulikuwa na mapigo 104, na ule mpya 100. Basi kijana akavuta kitelezi kirefu kilicho ubavuni mwa mashine ya CD, akaongeza mwendo kwa 4 katika kila 100. Akangoja pigo, akauanzisha wimbo juu yake, na zote mbili zikatembea kwa hatua moja. Ndipo akaufungua mlango polepole.

"Na visikilizio usivipandishe sauti," akasema mzee. "Mimi nilivipandisha."

Kelele ya desibeli 85 sikio laweza kuivumilia saa 8 kwa siku. Lakini ile ya desibeli 100 haifai kuzidi dakika 15. Vinyweleo vidogo vilivyo ndani ya sikio, ambavyo hupokea sauti, vikifa havioti tena.

Baadaye usiku ule mzee alishika kazi mwenyewe. Kijana akaona watu wa meza za mbele wameziba masikio. Akatazama miksa: kirungu cha sauti nyembamba kilikuwa kimezungushwa karibu na mwisho wake, na mzee hakuusikia ukali ule. Kijana akanyosha mkono, akakirudisha katikati, asiseme neno. Mzee akakitazama kirungu, akawatazama watu, kisha akaondoka kitini akampisha.