Plasta ya Nje: Gonga Kwanza, Bomoa Baadaye

Masika yakishapita na jua likaanza kukausha kuta, nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa huonyesha kasoro zilezile: rangi imevimba, chini ya madirisha kuna michirizi myeusi, na karibu na ardhi plasta imeanza kutoa unga mweupe na kubambuka. Mwenye nyumba hununua ndoo ya rangi. Vuli ikija, rangi ile ipo chini, imechanganyika na mchanga.

Kuna na wanaokwenda upande wa pili kabisa. Wanaita fundi, fundi anasema plasta yote imekwisha, ukuta unavuliwa kuanzia kenchi hadi msingi. Pengine yuko sahihi. Lakini plasta ya saruji iliyopigwa vizuri hukaa miongo kadhaa, na ikiharibika mapema, mara nyingi kuna maji yanayoiharibu kutoka mahali fulani. Usipoyapata maji hayo, plasta mpya itafuata njia ya ile ya zamani.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua nyundo ndogo, au hata shina la bisibisi, ugonge ukuta polepole, hatua kwa hatua, toka chini kwenda juu. Plasta iliyoshikana na tofali hutoa mlio mkavu, mfupi. Iliyojitenga hulia kama fenesi lililoiva. Kila unapousikia mlio huo, zungushia chaki. Ukimaliza upande mmoja, rudi nyuma uutazame ukuta wote. Alama zikiwa chache na zimetawanyika, kazi yako ni viraka. Zikiwa zimeungana na kufika kama theluthi ya ukuta, mimi ningevua upande huo mzima, maana viraka vingi kwenye ukuta mmoja huishia kugharimu zaidi na havipendezi. Upande huo tu, lakini. Ukuta unaopigwa na mvua za upepo wa kusi unaweza kuwa umekufa huku wa nyuma yake ni mzima kabisa, na hakuna sababu ya kuubomoa kwa ajili ya kulinganisha.

Sasa ule unga mweupe. Ni chumvi. Imetoka ardhini, au kwenye mchanga wa pwani uliotumika kujengea, au kwenye tofali lenyewe. Maji huiyeyusha na kuibeba hadi juu ya ukuta. Maji yakikauka, chumvi inabaki, inaganda na kuisukuma plasta kutoka ndani. Ndiyo maana uharibifu huonekana zaidi wakati wa kiangazi, na watu hudhani jua ndilo lililoharibu.

Kwa hiyo tafuta maji. Ingia ndani utazame ukuta uleule kwa urefu uleule. Kama na ndani umevimba, huenda unyevu unapanda kutoka ardhini. Kama ni nje tu, na uharibifu umeishia magotini, basi ni matone ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye bati na kurukia ukuta. Gata na ukanda wa kokoto chini ya upenu vitakusaidia kuliko plasta yoyote. Kama doa liko karibu na bafu au jiko, funga mabomba yote ya nyumba kisha uangalie mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, bomba linavuja.

Jambo linalosahaulika sana mijini ni uwanja kuinuka. Nyumba ilijengwa na msingi ulio juu ya ardhi, na juu ya msingi ikalazwa ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu. Miaka ikapita: kifusi kikamwagwa, matofali ya uwanja yakatandikwa, barabara ya mtaa ikainuliwa. Leo udongo umegusa ukuta juu ya karatasi hiyo, na unyevu unaingia kwa pembeni. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya karatasi kwa angalau sentimita 15. Hapo chombo cha kwanza ni sepetu, wala si mwiko wa plasta.

Nyufa nazo hazifanani. Zile nyembamba kama unywele, zilizosambaa ovyo bila mwelekeo, ni za plasta yenyewe: saruji ilizidi, au ilikauka haraka bila kumwagiwa maji. Kama ukigonga bado imeshikana, ziba na upake rangi, maisha yaendelee. Ufa ulionyooka wima pale nguzo ya zege inapokutana na tofali hutokana na vitu viwili kutanuka na kusinyaa tofauti. Fundi akate sehemu hiyo, apigilie wavu wa waya wa kuku juu ya maungio, kisha apige plasta.

Ya kuogopa ni aina mbili. Ya kwanza ni ufa unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, au unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha. Huo unaweza kuwa wa msingi unaotitia, hasa penye udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukiloa na kusinyaa ukikauka. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa, andika tarehe, rudi baada ya miezi michache. Ukiendelea kukua, au ukiwa umepita milimita 5 kwa upana, muite mhandisi kabla ya fundi plasta. Ya pili ni ufa unaofuata nguzo au lenta huku ukitoa maji ya rangi ya kutu. Nondo ndani zinaliwa, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma, hivyo zege linapasuka. Kulifunika kwa plasta ni kuficha ugonjwa wa mfupa.

Nyumba za mawe ya matumbawe zina sharti lake. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu na mji wa kale wa Mombasa, kuta zilijengwa kwa mawe, udongo na chokaa, na chokaa huruhusu unyevu utoke. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi huula ukuta, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huanza kuoza bila mtu kuona. Kwenye nyumba hizo, saruji yenyewe ni sababu tosha ya kuvua hata kama kwa macho bado ni nzima. Rudisha chokaa iliyolowekwa vya kutosha. Uliza kwanza ofisi ya uhifadhi, kwani Mji Mkongwe uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000 na mji wa kale wa Lamu tangu 2001, na ukuta wa nje haubadilishwi kiholela.

Ukishaamua kuvua, usifanye hivyo mvua zikiwa mlangoni. Juni hadi Septemba ndio wakati mzuri pwani: mvua zimepungua na jua halijawa kali. Mwonyeshe fundi nyaya za umeme zinapopita kabla hajashika tindo, na uzime umeme wa upande huo. Ukuta usuguliwe kwa brashi ya waya, unyunyiziwe maji, ndipo upigwe plasta. Mchanga uwe wa mto au wa machimbo, usio na chumvi. Ndoo moja ya saruji kwa ndoo nne hadi sita za mchanga. Unene wa milimita 12 hadi 20 unatosha. Panapohitajika zaidi, ipigwe kwa mikono miwili, wa kwanza ukwaruzwe ukiwa bado mbichi. Mchanganyiko ulioanza kukaza usirudishiwe maji, hata fundi akisema amezoea.

Maji ya kumwagia yahesabiwe kwenye makubaliano, asubuhi na jioni kwa siku 7, na atajwe kwa jina atakayemwaga. Hapo ndipo fundi na mwenye nyumba hutegeana. Rangi isubiri wiki nne. Kabla ya hapo saruji bado ina ukali unaobambua rangi hata iliyo ghali.