Muulize Kwanza Alikuwa Anakula Nini

Sungura akiletwa nyumbani jioni, hapa Baraka au kule juu Fizi, watoto humzunguka kila mmoja akiwa na kitu mkononi: jani la lengalenga, kipande cha kiazi kitamu, konzi ya mahindi, ugali uliobaki kwenye sahani. Mgeni huanza kwa woga, kesho yake anakula kwa pupa, siku ya tatu mkia umelowa mavi laini, na mara nyingi juma haliishi kabla hajafa. Majirani watasema sungura ni mnyama dhaifu. Mimi nasema ukarimu ndio uliomuua, na ndiyo maana nitaanza na siku zake za mwanzo.

Mwishoni mwa utumbo mwembamba sungura ana kifuko kikubwa ambamo vijidudu visivyohesabika huchachusha nyuzi za majani na kuzigeuza kuwa chakula. Vijidudu hivyo huishi kulingana na kile mnyama alichozoea. Ukibadili chakula kwa ghafla, hasa ukileta wanga mwingi wa mahindi au muhogo, vile vinavyofaa hupungua, vinavyodhuru huongezeka, gesi hujaa tumboni, na sungura hana njia ya kutapika. Mtoto aliyeachishwa kunyonya juzi huumia kuliko wote, kwa sababu kifuko chake bado hakijakomaa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika kabla hujamchukua. Muulize aliyekuwa naye: alikuwa anakula nini, mara ngapi, anakunywa maji kwenye chombo gani, ameachishwa kunyonya lini? Kama umepewa na ndugu, au na mradi unaotaka baadaye utoe watoto wa sungura huyo kwa familia nyingine, bado uliza. Kisha omba fungu la majani yale yale yatoshe siku sita hivi. Hakuna atakayekunyima majani. Na kama mnyama anatosha kwenye kiganja kimoja na muuzaji anasita kukuambia umri, mwache amrudishe kwa mama yake. Chini ya majuma 6 si wakati wa kumtenganisha, hata bei ikiwa nzuri.

Siku tatu za kwanza mpe vitu vitatu tu: chakula alichokizoea, majani makavu muda wote, na maji. Usimpe kitu kipya hata kimoja. Mweke mahali penye kivuli na utulivu, mbali na mbwa na mbali na njia ya watu. Woga peke yake unaweza kusimamisha tumbo lake, basi usishangae asipokula mbele yako siku ya kwanza. Mwekee, ondoka, rudi baada ya saa kadhaa uangalie kilichopungua. Kazi hiyo apewe mtu mmoja nyumbani. Watoto wanaweza kukata majani na kubadilisha maji, lakini mkono unaoweka chakula uwe mmoja, ndipo utakapojua kwa hakika alichokula.

Baada ya hapo anza kuchanganya. Siku ya nne na ya tano, robo ya majani iwe yale ya kwako na robo tatu yale ya zamani. Ukiona mavi yake bado ni magumu na ya mviringo, fika nusu kwa nusu siku ya sita na ya saba, halafu robo tatu, halafu yote. Kazi nzima huchukua siku 7 hadi 10. Mboga mpya ziingie moja moja, siku mbili au tatu kati ya moja na nyingine, ili ikimdhuru ujue ni ipi.

Watu wengi wa Kivu Kusini wamezoea dende wanaokimbia jikoni chini ya meza wakila majani mabichi mchana kutwa, nao humfanyia sungura vivyo hivyo. Wanyama hawa wawili wanatofautiana sana. Mwili wa dende hauwezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo bila majani mabichi kila siku anaugua. Sungura anaitengeneza mwenyewe, na hitaji lake kubwa ni nyuzi kavu. Tena usiwaweke pamoja: sungura hupiga teke linaloweza kumvunja dende, na yapo magonjwa ya mapafu ambayo sungura huyabeba bila kuumwa lakini dende hayawezi.

Majani makavu ndiyo ugali wake. Mengine yote ni kitoweo. Majani hayo makavu yanamjaza, yanasukuma utumbo, na yanasaga meno. Meno ya mbele ya sungura hayaachi kukua, hupata milimita 2 hivi kila juma, na yasiposagwa hupinda mpaka mnyama ashindwe kufunga mdomo. Ukoka na matete machanga vinafaa sana. Kata kabla hayajatoa mbegu, subiri umande ukauke, tandaza kivulini kwenye hewa, geuza asubuhi na jioni kwa siku mbili tatu. Majani yaliyokauka vizuri hubaki na rangi ya kijani na harufu tamu. Yaliyogeuka meusi au yenye vumbi jeupe la ukungu yatupe. Pale ufukweni usiyatandaze kwenye mchanga wanapoanikia ndagala: mchanga utaingia kwenye chakula, harufu ya samaki itamkimbiza, na kuku watapita juu yake. Yafunge mafungu uyatundike juu ya kichanja. Atakayejaza kichanja mvua zinapokwisha hatahangaika mwezi wa 8, wakati kando ya barabara kumebaki mabua.

Wenye mashamba ya mpunga wana majani makavu mengi baada ya mavuno. Hayo yana nyuzi lakini lishe yake ni ndogo, basi yatumie kama matandiko na nyongeza. Kinuni napo angalia unachokusanya. Pumba laini, kijiko kimoja kwa siku kwa sungura mzima, hakuna neno. Makapi, yaani yale maganda magumu ya nje, yanakwaruza tumbo na hayana faida, na mashine nyingi huyatoa yamechanganyika na pumba. Sugua kati ya vidole: yakikuchoma, achana nayo.

Tuje kwenye mboga zetu. Matembele ni mazuri kuliko zote, na mizizi ya kiazi ikiisha kuchimbwa shamba zima la majani hubaki. Yakate, yaache yanyauke kivulini kuanzia asubuhi mpaka jioni, ndipo umpe. Majani ya karanga yaliyokaushwa vizuri baada ya kung'oa ni lishe kubwa, ila yakishikwa na mvua yakiwa kwenye fungu huota ukungu wenye sumu, na sumu hiyo haiondoki ukiyaanika upya. Lengalenga mpe kidogo, imechanganyika na majani mengine. Kabichi humjaza gesi. Majani ya mpera na vitawi vyake ni vya kutafuna na kunoa meno.

Sombe inahitaji maneno zaidi kwa sababu ipo kila nyumba. Majani ya muhogo yana kitu kinachogeuka kuwa sumu kali ya sianidi yanapopondwa au kutafunwa, na mihogo michungu inazidi. Sisi tunaitwanga na kuichemsha muda mrefu mpaka sumu itoke na mvuke. Sungura hana chungu, basi jua ndilo limfanyie kazi hiyo: anika majani mpaka yavunjike mkononi, siku mbili au tatu za jua kali, kisha mpe machache, na iwe baada ya juma la pili tangu afike. Maganda ya muhogo vivyo hivyo, maana sumu nyingi imo kwenye ganda kuliko ndani. Mabichi usimpe kabisa.

Majani ya parachichi, ya nyanya na ya viazi vya mviringo ni sumu kwake. Maharagi makavu yasiyopikwa pia. Usikate majani kwenye bustani iliyopigwa dawa karibuni, wala mahali mbwa wanapojisaidia, kwa kuwa mayai ya tegu wa mbwa yakimezwa na sungura hugeuka malengelenge kwenye ini.

Mahindi, kiazi kitamu, ndizi mbivu: kwa sungura mzima wa kilo 2 au 3, kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha, tena si kila siku. Ugali na wali usimpe hata kama anaupenda. Jike anayenyonyesha anastahili kuongezewa pumba, lakini naye aongezewe polepole.

Sungura hula kidogo kidogo, mara 30 au zaidi kwa siku, na sehemu kubwa huila giza linapoingia. Fungu kubwa liwekwe kabla ya jua kuzama, dogo asubuhi. Hapa Baraka, kando ya ziwa ambalo maji yake yako kwenye kimo kisichofika mita 800 juu ya usawa wa bahari, mchana wa joto humwondolea hamu ya kula. Kule Fizi kwenye vilima ana nafuu. Joto likipita nyuzi 30 anaanza kutaabika, kwa kuwa hatoi jasho kama sisi. Banda likae chini ya mwembe, paa liwe la majani badala ya bati tupu.

Sungura wa kilo 2 anaweza kunywa zaidi ya robo lita kwa siku, na asipokunywa hali. Mpe maji yale yale mnayokunywa nyumbani, hata kama mmeyatia klorini kidogo kwa kuogopa kipindupindu. Chombo kizito cha udongo ni bora kuliko kopo, kwa sababu kopo hupinduka saa mbili usiku na hakuna atakayejua mpaka alfajiri. Kioshwe kila siku.

Kila asubuhi, kabla ya kuweka chakula, chuchumaa uangalie mavi. Yawe makubwa kama punje ya dengu nene, makavu, ya rangi ya majani, na ukiyavunja uone nyuzi ndani. Yapo pia mavi ya aina ya pili, meusi, laini, yenye kung'aa, yaliyoshikamana kama kishada cha zabibu. Hayo sungura huyachukua kwa mdomo moja kwa moja anapoyatoa na kuyameza, na usimzuie wala usimwone mchafu: ndani yake mna protini na vitamini ambazo vijidudu vimetengeneza. Ukiyakuta yamesalia sakafuni siku mbili mfululizo, chakula chake kimezidi utamu. Ondoa pumba na kiazi, ongeza majani makavu. Mkojo mwekundu au wa rangi ya chungwa mara nyingi hutokana na majani aliyokula. Kama anakula na kucheza kama kawaida, subiri kesho uone.

Mavi yakiwa laini tu, acha kila kitu kibichi na kila chenye wanga, abaki na majani makavu na maji. Yakiwa maji maji, au kukiwa na damu, mtafute veterineri siku hiyo hiyo. Ikipita nusu siku hajala wala hajatoa mavi, usingoje kesho. Mwekee majani yenye harufu nzuri puani, mpe maji kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yenyewe, tone kwa tone pembeni mwa mdomo, mwache atembee. Tumbo likiwa limevimba na gumu usimlazimishe kumeza chochote. Hapo ni mtu wa mifugo tu.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila anayeuza dawa dukani alijue. Ampisilini na amoksisilini, zile kapsuli watu wanazinunua kwa ajili ya kikohozi, ukimpa sungura kwa mdomo huua vijidudu vyema vya kifuko chake, na huweza kumwua baada ya siku chache. Nimesikia mara nyingi mtu akisema alimtibu mnyama akazidiwa. Mwambie veterineri wazi kwamba huyu ni sungura, kwa maana dawa inayomfaa mbuzi inaweza kumwua.

Mwezi ukiisha, pitisha vidole kwenye uti wa mgongo wake ukibonyeza taratibu. Ukihisi ncha kali za mifupa, amekonda, na meno yaangaliwe kwanza kabla ya kumwongezea pumba: inua mdomo wa juu uone kama meno ya mbele yanakutana sawa, na kama manyoya chini ya kidevu yamelowa mate. Usipohisi mfupa kabisa, punguza kila kisicho majani. Ukiuhisi mfupa ukiwa umefunikwa na nyama, endelea na ulicho nacho, na kama unataka kumpa jani jipya, mpe moja.