Kigoda cha Milansi: Uhaini Ulikotoka na Ulipofika

Wafipa wa Rukwa husimulia kwamba mtawala wa Milansi alipokwenda kuwinda alimwachia mkewe onyo moja: wakija wageni, wasikalie kigoda chake cha utawala. Wakaja wanawake wa ukoo wa Watwa (si Watwa wa misitu ya Kongo). Mke akashikwa na kicho, akawapisha wakikalie. Mume kurudi, utawala umeshamtoka. Wakapatana: wageni watawale nchi, yeye abaki na Milansi na mlima wake. Kwa Watwa ndiko zilikotoka himaya za Nkansi na Lyangalile.

Uliza pale kijijini Muze, chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, nani alikuwa haini: mke, wageni, au hakuna? Mtabishana mpaka jua litue. Ugumu wa uhaini ni huohuo kila mahali: nani anastahili utii wako?

England ilijibu mwaka 1351, enzi za Edward III. Kabla ya hapo majaji walilivuta kosa hili walivyotaka, na mali ya haini iliishia kwa mfalme. Kishawishi hicho si kidogo. Sheria ikayataja makosa yenyewe: kuwazia kifo cha mfalme, kumpiga vita, kuwasaidia adui zake, hata kughushi fedha yake. Mke aliyemuua mumewe naye alihesabiwa haini, wa daraja la chini. Daraja hilo lilifutwa mwaka 1828.

Taji la Uingereza lilitufikia na sisi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth II, hadi ilipokuwa Jamhuri mwaka mmoja baadaye. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakafutwa kisheria. Mwene, mtawala wa jadi wa Wafipa, akabakiwa na heshima, mamlaka hana.

Leo uhaini umo katika kifungu cha 39 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16. Utii ni kwa Jamhuri ya Muungano, ingawa harufu ya 1351 bado ipo: kumuua Rais au kujaribu kumuua, kuanzisha vita dhidi ya nchi. Adhabu ni kifo, na mshtakiwa hapati dhamana. Aliyejua njama akanyamaza ana kosa lake. Hata hivyo, mwanasiasa Bibi Titi Mohamed, aliyeshtakiwa kwa uhaini mwaka 1970, alihukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972.

Na yule anayesimama gulioni Muze kuilaumu serikali kwa bei ya mpunga? Kulaumu hakumo katika kifungu cha 39.